Mashimo Yaliyoangalia Chini

S.L.P. 61,
Kitengela.
Jumapili, 6 Aprili 2025.

Mpendwa binti yangu Soipan,

Takwenya, mama. Najua huko Ujerumani hakuna wa kukuamkia hivyo asubuhi, kwa hivyo itikia "Iko" hapo ulipo, hata kwa sauti ndogo. Mimi nitasikia.

Mwili wako uko aje? Kile kikohozi cha Februari kiliisha kabisa ama kilijificha tu? Unakula nini mchana? Kwa picha uliyotuma mashavu yamepungua, na Kisemei ananiambia ni kamera. Sijui kama kamera inaweza kula mashavu ya mtu. Tafadhali vaa soksi mbili. Na hao wazee unaowaogesha hapo kazini, wanakuheshimu? Wanasema asante?

Sisi huku tu wazima kwa neema ya Enkai. Goti la baba yako linamsumbua akiinuka, lakini akishainuka hakuna wa kumshika. Kaka yako Kisemei bado anauza kwenye ile hadiwea ya mjini na anatuletea sukari Jumamosi. Mbuzi wawili wamezaa mapacha. Mimi niko sawa, ni mgongo tu, na sababu ya huo mgongo ndiyo hadithi ya barua hii.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwa simu ya Kisemei nikianza kuongea na wewe boma lote linanyamaza, na baba yako anajifanya anatafuta kitu. Purity, binti wa pastor wetu, anasafiri Jumamosi kwenda masomo huko huko kwenu. Amesema akifika ataitia posta.

Unakikumbuka kile kipande cha chini, ekari tano kando ya korongo, olopololi yetu, yale malisho ulikokuwa ukichunga ndama ukiwa mdogo? Ukikiona leo utalia. Hakuna unyasi hata wa kuchokoa jino. Udongo umepigwa na kwato mpaka ukawa kama sakafu ya kanisa. Mvua ikinyesha, maji hayaingii chini, yanateleza tu yakikimbilia korongo, na korongo linazidi kula. Mwaka jana lilimeza ule mti wa miiba mliokuwa mnafungia kamba za kuruka.

Basi Desemba akaja Timothy, yule broka wa ploti, mtoto wa ukoo wetu kabisa, na sarveya mwenye kofia. Wanataka ekari zote tano. Timothy aliacha karatasi ya kuuza. Baba yako akasema ardhi isiyoshibisha hata mbuzi mmoja ni picha tu, na picha inaweza kuuzwa. Lakini siku hizi sheria inataka mke naye aweke sahihi. Soipan, mimi niliyeacha shule darasa la tano, kumbe kalamu yangu inaweza kuzuia lori!

Sikukataa. Unamjua baba yako, ukimkatalia kwa kelele anakuwa jiwe. Nilimwambia anipe mpaka mvua ya Aprili. Akaniuliza, "Aprili kutakuwa na nini ambacho hakikuwako miaka kumi?" Nikamwambia, "Wacha tuone." Akasema sawa, lakini mvua ikipita na hakuna kitu, mimi niweke sahihi bila kununa, nikakubali.

Sasa nikuambie nilikuwa ninangoja nini. Kikundi chetu cha Naretoi, kile cha wamama, tulisikia kuna ufadhili wa kuhifadhi udongo na maji. Wao wanaita granti. Alikuja afisa wao, msichana anaitwa Kathini, Mkamba, mdogo kama wewe lakini anatembea kama askari. Akasema kuna pesa za kurudisha nyasi kwenye ardhi iliyokufa. Nikamuuliza, "Hiyo pesa hairudishwi?" Akasema hairudishwi. Baada ya chai nikamuuliza tena. Wakati anaingia gari nikamshika mkono nikamuuliza mara ya tatu. Akacheka, akasema, "Mama, ni kweli, hairudishwi. Kinachotakiwa kurudi ni nyasi."

Jambo hili limenishangaza mpaka leo. Kwa nini mtu ambaye hajawahi kuniona anilipe nichimbe shamba langu mwenyewe? Kathini anasema sehemu ya pesa hizo ni kodi ya watu wa nchi za baridi. Sasa ninawaza, labda yule nyanya wako wa kazini, wa chumba cha mwisho, anayekataa supu, ndiye alinunua jembe langu. Muulize pole pole. Kama ni yeye, mwambie mpini ni mzuri lakini chuma ni chepesi.

Fomu ilijazwa na Nthenya, mke wa mwenye duka, kwa sababu alimaliza kidato cha nne. Tulikaa siku mbili kanisani. Fomu inauliza maswali kama mama mkwe. Kulikuwa na moja, "Mtajuaje kwamba mradi umefaulu?" Mwenyekiti wetu Dinah akasema, "Andika, ng'ombe watatuambia." Nthenya akakataa, akasema huko juu hawaelewi Kiingereza cha ng'ombe. Lingine liliuliza ni wangapi watafaidika, nikauliza kama mbuzi wanahesabiwa. Walinicheka, lakini mimi nilikuwa nauliza kweli. Si ndio watakula?

Tukapata. Wamama tulipiga vigelegele mpaka pastor akatoka kuuliza ni nani anaolewa. Ufadhili umegawanywa mara mbili. Sehemu ya kwanza ni ya majembe na ya kulipa wachimbaji kwa kila shimo la kuzuilia maji. Ya pili ni ya mbegu na seng'enge, na hiyo haitoki mpaka wakaguzi waone kazi, na mwenye ardhi aweke sahihi kwamba kwa miaka mitano hatauza. Na ardhi iliyochaguliwa kuanza ni olopololi yetu, kwa sababu ndiyo iliyoharibika kuliko zote. Ni mara ya kwanza ubaya wetu kuchukua namba moja.

Kwa hivyo ndani ya Biblia yangu kuna karatasi mbili. Ya Timothy inaningoja mimi. Ya Kathini inamngoja baba yako. Kila nikifungua nisome zaburi zinanitazama.

Kathini alitupeleka kwanza Oltepesi tukaone wenzetu walioanza kabla yetu. Soipan, nyasi zilinifika hapa mapajani! Niliingia katikati nikakaa chini nikapotea, Dinah akawa ananiita. Zilikuwa nyingi hivi kwamba mashimo yenyewe hatukuyaona. Kumbuka hapo, kwa sababu hapo ndipo shida ilitoka.

Tuliporudi alitufundisha kupima ardhi kwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe katikati. Jiwe likitulia kwenye alama, ujue hiyo miguu miwili iko sawa, maji hayatapendelea upande wowote. Nilikipenda hicho kitu kupita kiasi. Nilienda nacho jikoni, nikagundua miaka hii yote nimekuwa nikipikia chai kwenye mteremko. Nilipima hata kitanda. Baba yako akaniambia nikimpima yeye atahama.

Baada ya hapo akachora mistari ya chokaa kwa shamba, na kwa karatasi akatuchorea shimo lenyewe, nusu ya mwezi, udongo ukitolewa unarundikwa kwenye upinde. Kisha akaitwa Entarara kule Loitokitok kwa kikundi kingine, wiki nzima. Akasema tuanze. Wamama wakanichagua mimi kuwa msimamizi, kwa sababu katika hawa wote hakuna aliyejenga nyumba nyingi kuliko mimi.

Sasa karatasi haina mlima, mwanangu. Ukiigeuza, nusu mwezi inaangalia popote. Dinah akauliza, "Mama Kisemei, mdomo uende juu ama chini?" Mimi sikufikiri hata dakika moja. Marehemu koko yako, mama aliyenizaa, alinifunza nikiwa na miaka tisa, kabla hata ya kunifunza kukanda udongo na mavi ya ng'ombe: nyumba hupewa mgongo upande wa maji. Mlango ukiangalia juu, mvua italala na watoto wako. Nikasema, "Mgongo juu, mdomo chini. Nani ashawahi kufungulia maji mlango?" Wote wakaitikia, kwa sababu kila mmoja wao amejenga, na kila mmoja alifunzwa hivyo.

Tulichimba siku sita. Mashimo arubaini na matatu, mazuri, yamenyooka kwa mstari kama meno. Tulikuwa tunaimba.

Mwisho wa Machi ikanyesha mvua moja fupi, ya mchana. Tulisimama chini ya mabati ya Dinah tukitazama kazi yetu kwa furaha. Maji yakaja, yakagonga migongo ya mashimo, yakagawanyika, yakapita katikati yakiwa na nguvu mara mbili. Hakuna hata tone liliingia ndani. Yakaenda moja kwa moja kwa korongo, na korongo likakata kipande kingine, kirefu kama kanga yangu, huku tunaona. Halafu nikamsikia baba yako nyuma yangu. Alisimama, akaangalia, akasema, "Mmewajengea sungura manyatta."

Nilitamani hilo korongo linichukue na mimi.

Kathini aliporudi hakunigombeza. Alishika kichwa, akakaa juu ya karai, akauliza kwa nini. Nikamwambia habari ya nyumba na mgongo. Akasema, "Hilo hawakutufunza chuoni."

Kosa likawa langu, lakini migongo ya kuumia ikawa ya wote. Pesa ya kuchimba ilikuwa imeshalipwa, na mfadhili halipi shimo moja mara mbili. Wengine walikasirika. Mama mmoja, sitamtaja kwa barua, alisema achimbe tena kwa mkono wa nani. Dinah alichukua jembe kwanza, akasema, "Haya, tugeuze hizi nyumba, wapangaji bado hawajaingia." Wakacheka, tukaanza. Kwa siku tisa tumehamisha udongo kutoka juu kwenda chini. Ndiyo habari ya mgongo wangu. Tumebakisha matatu.

Juzi Nthenya alipokuwa akiandika ripoti ya wakaguzi akasema tuseme ng'ombe walikanyaga mashimo ndiyo maana tukachimba upya. Nikamwambia hapana, ng'ombe hana mdomo wa kujitetea. Akasema, "Basi watatunyima." Ndiyo ninayoogopa, Soipan. Wanakuja Alhamisi. Wakisema hawa wamama hawajui kazi, sehemu ya pili haiji, na mimi nilishaahidi kuweka sahihi bila kununa. Wewe umesoma. Mtu akiandika ukweli kwenye fomu, anasaidiwa ama anakatwa? Huko kwenu wanafanyaje?

Naacha hapa kidogo, mawingu yako upande wa Ngong na kuni ziko nje.

Ijumaa, 11 Aprili.

Soipan, nimerudi. Usione nimekaa kimya siku tano, ni mambo mengi.

Jumanne saa tisa mchana mvua ilikuja, si ile ya mchezo. Ilinyesha mpaka saa kumi na moja. Nilitaka kutoka nione, baba yako akaniambia nikianguka atanibeba na goti lipi. Asubuhi na mapema niliamka niende kabla yake. Nikapata kitanda upande wake kiko baridi.

Nilimkuta huko chini amesimama ndani ya shimo la kwanza, viatu mkononi, maji yamemfika kwa vifundo vya miguu. Mashimo yote arubaini tuliyogeuza yalikuwa yamejaa, yanameta kama sahani zimetandazwa. Kwa korongo hakukuwa na kelele. Mara ya kwanza baada ya mvua kubwa kama hiyo, nikasikia ndege.

Alisukuma fimbo yake kando ya maji ikaingia, shubiri mbili. Akatoka, akaenda mahali hatukuchimba, akasukuma, ikaruka kama kwa mwamba. Akarudi kwa shimo lingine. Akafanya hivyo kwa mashimo labda kumi, mimi namfuata nyuma. Halafu akauliza, "Maji hii inaenda wapi ikiisha hapa?" Nikasema inaenda chini. "Chini wapi?" Nikasema sijui, tumuulize Kathini. Akasema, "Na ikifika huko chini inangoja nani?" Nilimwona Baba Kisemei kama kijana aliyekuja kwa baba yangu kuuliza bei ya mtamba, akijua kabisa hakuja kwa mtamba.

Jana wakaguzi walikuja wawili, mzee mmoja mwenye miwani na kijana wa kompyuta, pamoja na Kathini. Walisoma ripoti wakiwa wamesimama. Yule mzee akauliza, "Ni nani aliamuru mashimo yaangalie chini?" Wamama wote wakaangalia miguu. Nikasema ni mimi. Akauliza sababu, nikamwambia yote, tangu koko yako. Dinah alinishika nguo kwa nyuma.

Mzee akatoa miwani. Akasema, "Sasa ukienda kufundisha wamama wa Kimuka, utawaambiaje wasikosee?" Nikakunja mkono hivi, nikamwonyesha. Nikasema nitawaambia hii si nyumba, ni kiganja. Ukiomba maji kwa mtu aliye juu yako humpi mgongo wa mkono. Akaandika hayo, Soipan. Maneno yangu yameandikwa kwa kitabu cha watu wa granti. Kisha akasema kazi ni nzuri, na kwamba ripoti nyingi anazosoma hazina hata kosa moja, na hizo ndizo zinamtia wasiwasi. Nthenya alikohoa.

Lakini hakuishia hapo. Akamgeukia baba yako, akasema imebaki sahihi ya mwenye ardhi. Baba yako akauliza maswali kama wakili. Nyasi ikimea ni ya nani? Yenu. Mbegu nikivuna niuze? Uza. Ndama wataingia lini? Baada ya misimu miwili, na ukiwaingiza mapema utakuwa umewalisha mradi mzima kwa asubuhi moja. Kijana wa kompyuta akacheka, baba yako hakucheka. Akasema atafikiri. Wakaondoka na gari likakwama kwa matope, tukalisukuma, hiyo haikuwa kwa fomu.

Timothy alipiga simu jana jioni. Anakuja kesho asubuhi na mnunuzi.

Nilikuwa nimefika hapo kwa neno "mnunuzi" wakati baba yako aliingia na kuomba kalamu. Ndiyo maana unaona wino umekuwa mwekundu kuanzia hapa, hii ni kalamu ya Kisemei ya kuandikia risiti. Hakusema anaitakia nini. Alichukua Biblia akaenda nayo kwa jua. Nilibaki hapa nimeshika karatasi yako na siwezi kuandika hata herufi. Nilijiambia, kama ni ya Timothy ataniita niweke yangu. Nilingoja aniite. Hakuniita.

Alirudi akaweka Biblia mezani. Akasema, "Hiyo karatasi ya Timothy mpe Kisemei akitoka kazini amrudishie leo, mtu asichome mafuta bure kuja huku." Nikauliza, "Na hiyo nyingine?" Akasema, "Miaka mitano si mingi. Lakini wewe, Ngoto Kisemei, hayo matatu yaliyobaki sitaki uyachimbe wewe. Nitachimba mimi, na wewe usimame juu uniambie mdomo uko wapi." Akatoka.

Nimefungua nikaona. Ameandika majina yake yote matatu, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza, na kalamu imetoboa karatasi mahali pamoja. Nimeyaangalia hayo majina sana. Nilikuwa nimesahau mwandiko wake.

Purity anapitia barua saa nane, acha nimalize. Dinah anakusalimia na kusema ukija ulete mchumba tumpime na ile miti ya A. Nthenya, Kisemei na pastor wanakusalimu. Baba yako hajasema nikusalimie, lakini amezunguka meza mara tatu.

Enkai akutangulie kazini na akurudishe kitandani, akupe watu wa kukupikia siku ukichoka, na mkono wako usikauke. Usisahau soksi.

Ni mimi mama yako nikupendaye kuliko mgongo wangu,
Yeyo.

Sasa hivi nimemsikia akiita kutoka huko chini. Ameshaanza kuchimba na hajui juu ni wapi. Ninaenda.